Jembe la Apolo: Historia ya Imani Iliyochoka Isizimike



Wengi wetu tuliovuka mpaka kwa upande wa Mpondwe tunaikumbuka njia panda ya Kikorongo. Tulipanda malori Bwera, tukiwa na vikapu, masufuria na watoto mgongoni. Barabara inateremka kutoka chini ya milima ya Ruwenzori mpaka uwanda wa Mbuga ya Malkia Elizabeth, karibu na mstari wa Ikweta. Pale Kikorongo inakutana na barabara kuu. Lori likigeuka kushoto, unakwenda Kasese na Fort Portal, na kutoka huko kuelekea Kyaka au Rwamwanja. Likigeuka kulia, unavuka daraja la Katunguru na kufuata njia ya Mbarara na Nakivale. Ndugu wengi waliachana hapo bila kujua wataonana lini.

Pale ndipo wengine walipopiga magoti kando ya barabara na kumshukuru Mungu kwa kufika wakiwa hai. Imani siku hiyo ilikuwa nyepesi, kwa maana hofu ilikuwa mpya na shukrani ilikuwa mpya. Lakini miaka imepita. Katika mkutano mmoja wa sala mama mmoja alisimama akasema: "Niliposhuka kwenye lori nilikuwa ninaomba mchana na usiku. Sasa nikifumba macho ninaona usingizi tu. Je, nimemwacha Mungu, au nimechoka?" Hakuna aliyemjibu upesi. Kamati ilipokaa kupanga toleo hili la kumbukumbu, tuliona afadhali tulijibu swali la yule mama. Hatutamjibu kwa maneno yetu wenyewe, maana sisi pia tumechoka. Tutamjibu kwa historia ya mtu aliyeishi na kufanya kazi pande zote mbili za mlima huu, ambaye Wakristo wa Uganda na wa Kongo wote wanamwita wa kwao.

MTU WA KOTI JEKUNDU

Apolo Kivebulaya alizaliwa Buganda, kama mwaka 1864, akiwa pacha. Baganda humwita pacha wa kwanza wa kiume Waswa, na hilo ndilo lilikuwa jina lake. Alikua katika nyakati ngumu. Dini zilikuwa zikigombana katika nyumba ya kabaka, na watu waliuawa kwa ajili ya kusali. Tarehe 3 Juni 1886 vijana wengi walichomwa moto Namugongo kwa amri ya Kabaka Mwanga. Walikuwemo Wakatoliki na Waprotestanti, na moto haukuuliza nani ni wa kanisa gani. Tunalitaja jambo hili kwa sababu katika kambi yetu bado wapo wanaobishana juu ya dhehebu lipi litumie jengo saa ngapi.

Apolo mwenyewe hakuanza kama mtakatifu. Kwa kitambo alifuata Uislamu, na baadaye alikuwa miongoni mwa watu wa vita. Mafundisho ya mmisionari Alexander Mackay yalikuwa yamemgusa, lakini alibatizwa mwaka 1895 tu, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi. Mke wake alifariki, naye hakuoa tena. Jina Kivebulaya maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Watu walimpa jina hilo kwa sababu alipenda kuvaa koti jekundu la kijeshi juu ya kanzu yake. Basi mtu huyu ambaye leo ana kumbukumbu katika makanisa mengi aliitwa kwa jina la utani, kama tunavyoitana hapa kwenye foleni ya maji.

Mwaka ule ule alipobatizwa alitumwa Toro kuwa mwalimu wa kanisa. Mwaka 1896 Omukama Kasagama wa Toro alibatizwa na kuitwa Daudi. Mwisho wa mwaka huo Apolo akavuka kwenda Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, nchi ambayo leo inaitwa Boga na iko Ituri. Njia yake ilikuwa kaskazini ya mlima, yetu ilikuwa kusini. Alitoka Uganda akaenda Kongo kwa hiari, nasi tulitoka Kongo tukaja Uganda kwa kukimbia. Lakini mlima ni ule ule.

NJAA KATIKA NCHI YA UGENI

Sasa sikilizeni, ndugu, maana hapa ndipo historia inapofanana na maisha yetu. Kabla ya Apolo, walimu wengine kutoka Buganda walikuwa wamejaribu kufundisha Mboga, wakashindwa kukaa. Hawakushindwa na mikuki. Walinyimwa chakula. Mgeni asiye na shamba wala ukoo akinyimwa chakula, atafanya nini? Alipofika Apolo, naye aliona dalili zile zile. Mtawala wa Mboga, Tabaro, hakufurahishwa na mafundisho yanayokataza ulevi na kuoa wake wengi. Tusimlaumu upesi mno. Mtawala anayeona mgeni akibadilisha desturi za watu wake ana sababu ya kuogopa.

Apolo alifanya nini? Alishika jembe. Alilima shamba lake mwenyewe, akapanda, akala jasho lake. Jembe hilo likawa alama yake mpaka leo. Tunaomba kila mmoja alitafakari jambo hili. Watu hupenda kusimulia maono na miujiza, lakini imani ya Apolo ilianza kuvumilia kwa mpini wa jembe. Aliamka asubuhi akalima, jioni akafundisha watu wachache kusoma. Kesho yake akafanya vile vile.

Mateso yakazidi. Alipigwa kwa amri ya Tabaro, na wanasimulia kwamba nyumba aliyojenga ilichomwa moto. Kisha likatokea jambo baya zaidi. Watu walipokuwa wakisaidia kazi ya kujenga, dada wa Tabaro aliangukia mkuki uliokuwa katika mzigo wa majani, akafa. Ilikuwa ajali, lakini lawama zikamwangukia Apolo. Alifungwa, akapelekwa Toro kwa tuhuma ya kuua. Alivuka tena njia ile ile aliyoijia, safari hii akiwa mfungwa. Wapo katika kambi hii wanaojua maana ya kushtakiwa jambo usilotenda, mbele ya wakubwa wasioijua lugha yako.

Katika siku hizo za mateso Apolo alipata maono. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimtia nguvu na kumhakikishia kwamba hayuko peke yake. Sisi wa Kamati si wachungaji, hatuwezi kuyapima maono ya mtu. Lakini tunaweza kuona alichofanya baadaye. Alipoachiliwa, hakurudi kwao Buganda kupumzika, ingawa hakuna ambaye angemlaumu. Alirudi Mboga kwa wale wale waliomfunga. Tabaro alishangaa kumwona. Mtu aliyepigwa na kufungwa anarudi bila kisasi? Mwishowe Tabaro mwenyewe aliomba ubatizo, akaitwa Paulo.

MPAKA UNAPOKATA KANISA KATIKATI

Hadithi nyingi huishia hapo, mtawala alipobatizwa. Lakini maisha hayaishii kwenye ubatizo wa mtawala. Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903, na kwa miaka mingi alifanya kazi upande wa Toro. Wakati huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakigawana nchi. Kwa mapatano ya mwaka 1910 Mboga iliwekwa upande wa Kongo ya Wabelgiji. Mstari ulichorwa juu ya karatasi, na Wakristo waliobatizwa pamoja wakajikuta katika nchi mbili.

Nani kati yetu hajui uzito wa mstari huo? Pande zote mbili za Mpondwe na Kasindi, ndugu wa ukoo mmoja, wanaosema lugha moja, wanaitwa Wakonzo upande huu na Wanande upande ule. Siku ya soko wanavuka kuuziana ndizi na chumvi ya Katwe, lakini siku ya vita karatasi inakuwa ukuta.

Mwaka 1915 Apolo alirudi Mboga kuishi, akiwa mtu wa miaka hamsini hivi. Wengine katika umri huo wanatafuta kivuli. Yeye alianza kazi mpya. Kuanzia mwaka 1921 aliingia katika msitu wa Ituri kwa Wambuti, watu ambao majirani zao wengi waliwadharau na hata kuwahesabu kama si watu kamili. Alikaa nao, akawafundisha, na mwaka 1932 baadhi yao walibatizwa. Hesabuni wenyewe: ni miaka kumi na moja kati ya mwanzo wa kazi na matunda hayo. Mwaka 1922 alipewa heshima ya kuwa Kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, lakini hakuhamia Namirembe.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Inasimuliwa kwamba aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume cha desturi, kwa sababu kazi ilikuwa bado haijaisha upande ule. Hakuliona kanisa kubwa. Dayosisi ya Boga-Zaire iliundwa mwaka 1972, karibu miaka arobaini baada ya kifo chake. Mwaka 1992 Kanisa la Anglikana la nchi hiyo likawa jimbo kamili, na Patrice Njojo, aliyekuwa Askofu wa Boga, akawa Askofu Mkuu wake wa kwanza. Mkulima alilala kabla ya mavuno.

MLIMA HAUJAPUMZIKA

Ndugu, tusidanganyane kwamba baada ya watakatifu kufa nchi ilipata amani. Upande huu wa Kasese na Bwera, wenyeji wetu wamejua kukimbia kama sisi. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walitoka Zaire na kushambulia Mpondwe na Bwera. Watu wa milimani waliacha migomba na kahawa zao, wakalala katika makambi ndani ya nchi yao wenyewe. Tarehe 8 Juni 1998 Chuo cha Ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal, kilishambuliwa, na wanafunzi wengi walichomwa wakiwa mabwenini. Na wazazi waliodhani mambo hayo yamekuwa historia waliamshwa usiku wa tarehe 16 Juni 2023, pale shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe iliposhambuliwa na watu zaidi ya 40 kuuawa, wengi wao wanafunzi.

Upande wa pili, Jumapili ya tarehe 15 Januari 2023, bomu lililipuka ndani ya kanisa la Kipentekoste Kasindi, watu walipokusanyika kwa ubatizo. Walikuja kutazama watu wakizaliwa mara ya pili, wakazika. Na Boga yenyewe, mji wa Apolo, usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, siku moja tu baada ya kumbukumbu ya kifo chake, ilishambuliwa pamoja na Tchabi. Zaidi ya watu 50 waliuawa, wakiwemo waliokuwa wamekimbia tayari na kuishi kambini.

Tumeyaandika haya kwa sababu mbili. Kwanza, wafanyakazi wageni wajue kwamba mtu anayekaa kimya mwisho wa foleni huenda amebeba mojawapo ya tarehe hizi moyoni. Pili, sisi wakimbizi tusisahau kwamba wenyeji waliotupa uji Bwera na maji Kikorongo walitupa wakiwa nao wana makaburi. Wakati wa vita vya Simba, mwaka 1964, Wakongo walikimbilia Uganda. Baada ya mwaka 1979 Waganda wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudani. Mlango huu umefunguka pande zote mbili. Leo ni zamu yetu kupokelewa, na hakuna anayejua ya kesho.

TUMEJIFUNZA NINI

Sasa tumrudie yule mama. Je, amemwacha Mungu, au amechoka?

Jambo la kwanza tunalojifunza ni kwamba kuchoka si kukana imani. Apolo alichoka, na mwili uliopigwa huchoka. Tofauti ni kwamba hakungoja kwanza ahisi nguvu ndipo alime. Anayesali maneno matatu kisha usingizi ukamchukua, akaamka kesho na kusema tena maneno matatu, huyo anavumilia. Asijilinganishe na siku ile aliyoshuka kwenye lori. Moto wa kuni ukiwaka sana huungua upesi, lakini kaa lililofunikwa majivu hufika asubuhi, na jirani huja kuazima moto kwako.

Jambo la pili ni kwamba kuvumilia si kunyamaza. Hapa tunaomba tueleweke vizuri, maana wapo wanaotumia neno la uvumilivu kuwafunga watu midomo. Posho ilipokatwa kwa asilimia 30 mwezi Aprili 2020, na makato yakafika asilimia 40 mwezi Februari 2021, wapo waliosema Mkristo mwema asilalamike. Hapana. Apolo aliponyimwa chakula hakukaa akifa kwa njaa kwa jina la utakatifu. Alitafuta jembe. Mtu akimweleza mfanyakazi wa shirika kwamba watoto hawajala, hajapungukiwa imani. Mama anayepigwa nyumbani akienda kushtaki, hajapungukiwa imani. Na anayekimbia upanga hajakimbia msalaba. Uvumilivu ni kukataa uovu utubadilishe tuwe kama ulivyo wenyewe.

Jambo la tatu ni gumu kuliko yote. Apolo alirudi kwa waliomfunga. Hatumwambii mtu yeyote arudi leo kijiji alichochomewa nyumba. Hilo ni la usalama na la hiari ya kila mmoja. Lakini kuna kurudi kwa aina nyingine ambako tunaweza kukuanza hapa hapa. Katika kambi hii wanaishi watu ambao ndugu zao walipigana huko nyumbani. Watoto wao wanateka maji kwenye bomba moja. Mwaka jana dumu moja tu la maji lilizua ugomvi uliogawa vitalu viwili kwa wiki mbili, na maneno yaliyosemwa hayakuwa ya maji. Ikiwa hatuwezi kumrudia jirani wa hatua ishirini kwa salamu, tutarudije ng'ambo ya Semliki?

NENO KWA WANAOTUHUDUMIA

Nanyi wafanyakazi wa mashirika, tunajua mnachoka. Mnasikia kilio kile kile kutoka kwa watu elfu, na mkuu wenu anawatumia karatasi inayosema fedha zimepungua. Wengine wenu hamko wa dini yetu, na wengine hamna dini, nasi hatuwahubirii. Lakini tunaomba mkumbuke habari ya nabii Eliya, inayojulikana pia na ndugu zetu Waislamu wanaomwita Ilyas. Maandiko yetu yanasema alikimbilia jangwani, akalala chini ya mti, akaomba afe. Malaika alipokuja hakuanza kwa kumkemea juu ya imani yake wala kumwuliza maswali. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akampa mara ya pili. Maneno yalikuja baadaye, mlimani. Basi anayepima unga kwa haki, asipunjike mtu, anafanya kazi ya malaika yule, hata kama mwenyewe haamini malaika.

MWISHO

Katika kumbukumbu hii Kamati inapendekeza jambo moja dogo. Mwaka huu, ifikapo tarehe 30 Mei, tusikae kusikiliza hotuba ndefu. Kila kitalu kitoe watu wenye majembe, Wakatoliki, Waprotestanti, Waislamu na wengine, tulime bustani za wajane na wazee wasio na nguvu kabla mvua haijaisha. Mbegu za maharage tutazichanga, kikombe kimoja kwa kila nyumba inayoweza. Jioni wenye kusali wasali, kila mmoja kwa namna yake.

Yule mama aliyeuliza swali alikuwa miongoni mwa waliosomewa maandishi haya kabla hayajapigwa chapa. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi niandikeni kwenye orodha. Jembe ninalo, ila mpini umevunjika." Tumemtafutia mpini.

Ni sisi, wa Kamati ya Jamii.